Nani Alituambia Tuing'oe Thamostati?

Juu ya meza yangu kuna thamostati ya lori. Ni kitu kidogo cha shaba kinachotosha kwenye kiganja, kina springi na kisahani kinachofunguka na kujifunga. Pembeni imepigwa namba mbili tu: 71. Imekaa hapo tangu 2021, na kila nikiitazama nakumbuka ushauri mbaya zaidi niliowahi kumpa mtu aliyeniamini.

Mjomba wangu alikuwa na lori la mtumba, injini ya dizeli ya silinda sita, yenye tabo. Alikuwa anabeba mchele na sukari kutoka Mombasa kupeleka Eldoret. Lori hilo ndilo lililokuwa linalipa karo yangu. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa mitambo, na nyumbani nilikuwa nishaanza kuitwa injinia kabla hata ya kufaulu hesabu za mwaka wa kwanza vizuri.

Shida ilianza Salama. Anayeijua Mombasa Road anajua kwamba ukishapita Sultan Hamud ukielekea Nairobi, barabara inaanza kukupandisha, na lori lenye mzigo linapanda kwa gia ya chini likinguruma kama limekasirishwa. Hapo ndipo geji ya joto ilipoanza kwenda juu. Mjomba akisimama kando, akingoja, akiongeza maji, akiendelea. Safari ya tatu akalipeleka kwa fundi pale Mlolongo. Fundi alifungua, akatoa thamostati, akaionyesha kwa vidole viwili kama mtu aliyetoa mwiba mguuni.

"Mzee, hii ni ya watu wa baridi. Huku kwetu jua iko. Tukitoa hii, maji inapita tu."

Sentensi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, Mlolongo, Nakuru, Grogan, kila mahali. Ni kama dini. Thamostati ni ya Ulaya, Afrika haina kazi. Mjomba akalipa, akaondoka. Wiki iliyofuata lori likachemka Salama vibaya kuliko mwanzo.

Akanipigia. "Sasa kijana, si wewe unasomea haya mambo? Niambie nifanye nini."

Usiku huo nilikesha nikitazama video za Wamarekani. Walikuwa wanafungua magari yao yenye tabo, wanatoa thamostati ya kiwandani na kuweka inayofunguka mapema zaidi, kwenye digrii 71 badala ya 91. Wote walikuwa na furaha. Injini zao zilikwenda baridi na nguvu zikaongezeka. Asubuhi nikampigia Mjomba nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: usikae bila thamostati, hapo fundi alikosea, lakini usirudishe ile ya 82. Tafuta ya 71. Akaipata Kirinyaga Road.

Nilichukua muda mrefu kuelewa kwa nini Wamarekani walikuwa sahihi na mimi sikuwa. Jibu halikuwa ndani ya injini peke yake. Ilibidi nirudi nyuma, tena mbali.

Kifaa cha kwanza kinachofanana na thamostati hakikuhusu gari. Kilihusu vifaranga. Cornelis Drebbel alizaliwa Alkmaar, Uholanzi, mwaka 1572, akaishia London, ambako alikuwa anamtengenezea mfalme vitu vya ajabu. Karibu mwaka 1620 alibuni tanuri na kiangulio cha mayai kilichojirekebisha joto chenyewe. Ndani kulikuwa na pombe kali na zebaki. Joto likipanda, pombe inatanuka, inasukuma zebaki, zebaki inainua kijiti, kijiti kinafunga tundu la hewa, na moto unapungua. Joto likishuka, mambo yanarudi kinyume. Hakuna mtu aliyehitaji kukaa macho usiku kulinda moto.

Anayefuga kuku anaelewa mara moja. Yai haliharibiwi na joto la kupita kiasi peke yake. Baridi nayo inaliua. Tangu siku ya kwanza, kazi ya kifaa hiki haikuwa kupoza. Ilikuwa kuzuia joto lisipite juu sana na lisishuke chini sana.

Jina lenyewe lilikuja baadaye. Mwaka 1830, Andrew Ure, mkemia wa Kiskoti, alisajili hataza ya kifaa alichokiita thamostati, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya joto na kusimama. Kifaa chake kilikuwa vipande vya metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo zikipata joto hujipinda. Ure alikuwa anafikiria viwanda vya nguo, ambako joto likiyumba kazi inaharibika.

Magari yalipokuja, hayakuwa na kitu hiki. Ford Model T, gari lililouzwa kwa mamilioni kuanzia 1908, kwa sehemu kubwa ya maisha yake halikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi kwenye injini. Siku za baridi madereva wa Marekani walifunika rejeta kwa blanketi au kadibodi ili injini ipate joto. Yaani dereva ndiye aliyekuwa thamostati. Cadillac yenye injini ya V8, iliyotoka mwishoni mwa 1914, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kumwondolea dereva kazi hiyo kwa kuweka thamostati kwenye mfumo wa maji.

Thamostati za zamani zilikuwa na kibofu cha chuma chembamba, chenye mikunjo kama akodioni, kilichojazwa kimiminika kinachogeuka mvuke haraka. Zilifanya kazi vizuri mpaka rejeta zilipoanza kufungwa kwa vifuniko vya presha. Kibofu kinasikia joto, lakini kinasikia presha pia, na presha ikipanda kinabanwa, kinachelewa kufunguka. Aliyepata dawa ni Sergius Vernet, mhandisi aliyefanya kazi Marekani miaka ya 1930. Alichukua nta, akaichanganya na unga wa shaba ili joto lipite upesi, akaifungia ndani ya kikopo imara. Nta ikiyeyuka inatanuka kwa nguvu kubwa sana, inasukuma kijiti, na kisahani kinafunguka. Presha ya maji haiwezi kuizuia. Ukibadilisha aina ya nta, unabadilisha digrii ya kufunguka. Hizo namba mbili kwenye thamostati yangu ni habari za nta iliyomo ndani: hii huanza kuyeyuka kwenye digrii 71.

Hapa nataka kumtetea fundi wa Mlolongo kidogo, maana ni rahisi kumcheka. Kibofu cha zamani kikitoboka, mara nyingi kilibaki wazi, na injini ikaendelea tu. Kikopo cha nta kikivuja, springi inasukuma kisahani na mara nyingi mlango unabaki umefungwa. Maji hayapiti. Injini inaiva. Sasa fikiria barabara zetu. Dereva akikosa kulanti anaongeza maji ya kisima yenye chumvi, au ya mto. Ndani kunajaa kutu na magamba. Thamostati inakwama ikiwa imefungwa, injini inakufa katikati ya Tsavo, na fundi anayeitwa anakuta kosa ni kile kidude cha shaba. Akikuta hivyo mara tano, mara kumi, atafanya nini na cha sita? Ataking'oa kabla hakijaua. Hiyo si ujinga. Ni uzoefu, ila uzoefu wa nusu. Alimwona muuaji lakini hakuona chakula alichokuwa anampikia.

Kuna kitu kingine ambacho yeye hakukijua, na mimi pia sikukijua wakati ule. Injini nyingi za malori zina njia mbili za maji. Moja inakwenda kwenye rejeta, nyingine ni mchepuko mfupi unaorudisha maji moja kwa moja kwenye pampu wakati injini bado ni baridi. Thamostati za injini hizo zina visahani viwili. Cha juu kikifungua njia ya rejeta, cha chini kinaziba mchepuko. Ukiing'oa thamostati, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji, kama watu, hupenda njia fupi. Sehemu yake kubwa inazunguka tu ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Kwa hiyo fundi alipoitoa ili injini ipoe, aliifanya ichemke zaidi. Ndiyo maana Salama iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipopata nguvu. Mjomba alipoweka ile ya 71, lori lilitulia. Siku kadhaa geji haikupanda. Akanipigia akicheka, "Injinia!" Nami nikaamini kwamba namba 71 ndiyo iliyofanya kazi. Kumbe thamostati yoyote, hata ile ya 82 iliyotupwa, ingefanya vilevile, kwa sababu kilichosaidia ni kisahani cha chini kuziba mchepuko. Nilipewa sifa ya kazi ambayo namba yangu haikufanya.

Sasa tuje kwenye tabo, maana bila tabo hadithi hii haikamiliki. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili hataza yake mwaka 1905. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayotupwa bure. Uzungushe panga, panga hilo lizungushe jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini, na kwa hewa zaidi unaweza kuchoma mafuta zaidi. Kulifanya kazi kulichukua miaka 20. Katikati ya miaka ya 1920, injini za dizeli za meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500 kwa kutumia tabo za Büchi.

Lakini tukio ninalolipenda zaidi lilitokea mlimani. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alibeba injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,200 juu ya bahari. Injini iliyokuwa na nguvu farasi 350 usawa wa bahari ilitoa 230 tu huko juu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Alipowasha tabo, ikatoa 356. Mlima ukawa kama haupo.

Nikisoma hayo naona barabara yetu. Lori linaondoka Kilindini kwenye usawa wa bahari, linafika Nairobi karibu mita 1,800, kisha Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Injini isiyo na tabo ingefika Timboroa imechoka kama binadamu mgeni. Tabo ndiyo inayofanya biashara ya Mombasa hadi Eldoret, Malaba na Kampala iwezekane kwa mizigo tunayoiona leo. Volvo ilianza kuuza lori la Titan lenye tabo mwaka 1954, likapanda kutoka nguvu farasi 150 hadi 185, na kampuni nyingine za Ulaya zikaenda njia hiyo hiyo.

Ila nguvu zaidi ni joto zaidi. Kila lita ya dizeli ya ziada inayochomwa inaacha joto ambalo maji lazima yalibebe. Na mlima unaochukua nguvu za injini unachukua kitu kingine pia: usawa wa kuchemka. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100. Nairobi ni karibu 94. Timboroa ni karibu 91. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima, presha yake huinua usawa huo mpaka maji yakaweza kufika 110 na zaidi bila kuchemka. Kikiwa kimechoka, umebaki na digrii za mlima tu. Kwa hiyo lori lilelile, na geji ileile kwenye 95, liko salama Mariakani na linatema maji Timboroa. Wengi wetu hulaumu thamostati kwa kosa la kifuniko cha shilingi mia chache.

Nirudi kwa Wamarekani wa video zangu. Mwaka 1970 nchi yao ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Njia moja ya kupunguza mafuta yasiyoungua ni kuifanya injini iwe na joto zaidi, kwa hiyo thamostati ya digrii 195 za Fahrenheit, yaani 91 zetu, ikawa ya kawaida. Kwa gari la familia hakukuwa na neno. Kisha mwaka 1978 Buick wakaanza kuuza magari ya petroli yenye injini ya V6 na tabo, na mwaka 1991 GMC wakatoa pikapu nyeusi iitwayo Syclone: V6 ya lita 4.3, tabo, nguvu farasi 280. Jarida la Car and Driver mwaka huohuo liliishindanisha na Ferrari 348, na pikapu ikashinda kwenye robo maili. Kichekesho ni kwamba haikuruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 227. Mjomba angeuliza basi hiyo ni pikapu ya nini.

Wenye magari hayo walikuwa na adui mmoja. Injini ya petroli hubana hewa na mafuta vikiwa vimeshachanganyika, kisha cheche huwasha. Tabo inaongeza presha na joto la mchanganyiko huo. Kuta za silinda zikiwa moto kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Injini inagonga, na ikiendelea kugonga pistoni zinavunjika. Kompyuta ya injini ikisikia mgongo huo, inachelewesha cheche na nguvu zinapungua. Kwa hiyo wakashusha thamostati hadi 160 zao, ambazo ni 71. Kuta zikapoa kidogo, kugonga kukachelewa, cheche zikaweza kurudishwa mapema, nguvu zikapatikana. Wajuzi wao walibadilisha pia programu ya kompyuta, ili isidhani injini bado haijapata joto ikaendelea kumwaga petroli, pamoja na digrii ya kuwasha feni. Thamostati peke yake haikuwa dawa. Ilikuwa kipande kimoja cha mpango, kwa gari linalokimbia sekunde 14 kisha linapumzika.

Mjomba wangu hakuwa na petroli. Alikuwa na dizeli, na dizeli ni kinyume. Yenyewe hubana hewa tupu mpaka ikawa moto wa kuwasha mafuta, ndipo mafuta yanyunyiziwe. Inaishi kwa joto. Kuta zikiwa baridi, mafuta huchelewa kuwaka, yanakusanyika, kisha yanawaka kwa pamoja kwa kishindo. Kwa hiyo kile kinachozuia injini ya petroli isigonge ndicho kinachoifanya ya dizeli igonge. Moshi mweupe unatoka. Mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye kuta na kuingia kwenye oili. Isitoshe, dizeli ina salfa. Salfa ikiungua na kukutana na mvuke kwenye ukuta wa baridi, inageuka tindikali, na tindikali inakula ukuta wa silinda polepole. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na hilo limepunguza ulaji huo sana, lakini halijaufuta. Kabla ya hapo, kila lori lililotembea Timboroa bila thamostati lilikuwa linajitafuna. Hicho ndicho chakula ambacho fundi hakukiona. Injini iliyokufa kwa kuchemka inaonekana barabarani. Injini iliyokufa kwa baridi inakufa baada ya miaka miwili, kwa kula oili na kunywa dizeli, na hakuna anayekumbuka siku thamostati ilipong'olewa.

Na Salama je? Hapa ndipo hesabu iliponiumbua. Thamostati ni sakafu. Si dari. Inasema injini isishuke chini ya hapa. Ikishafunguka yote, kazi yake imekwisha, na joto la injini linaamuliwa na rejeta, feni, pampu na mzigo. Thamostati ya 71 na ya 82, zote zikiwa wazi kabisa mlimani, zinapitisha maji sawa. Tofauti pekee ni kwamba unaanza mlima ukiwa na akiba ya digrii 11. Tuseme lori lina lita 40 za maji, na rejeta inashindwa kutoa kilowati 30 za joto. Kuyapasha maji hayo digrii 11 kunahitaji karibu kilojuli 1,850. Akiba hiyo inaisha kwa dakika moja. Ongeza chuma cha injini, labda unapata dakika mbili tatu zaidi. Nilimuuzia Mjomba dakika nne, na mlima ulihitaji zaidi ya hizo.

Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza. Ningeweza kuifanya usiku ule, kwa kalamu, badala ya kutazama video.

Ilikuwa Novemba. Alikuwa amebeba mzigo kamili wa mchele, mchana, jua la Ukambani. Lori lilipanda vizuri kwa muda, geji ikakaa, naye akaiamini kwa sababu aliniamini mimi. Ilipopanda, ilipanda haraka. Alipopata mahali pa kusimama gasketi ya hedi ilikuwa imekwenda na hedi imepasuka. Lori lilivutwa mpaka Nairobi. Fundi mwingine, mzee mmoja asiyeongea sana, ndiye aliyetoa rejeta na kuimwagia maji kwa juu. Yalitoka upande mmoja tu. Nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa magamba ya chumvi. Kisha akazungusha feni kwa kidole. Ikazunguka kama ya mtoto wa shule. Klachi yake ilikuwa imekufa. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza. Kuanzia fundi wa Mlolongo mpaka mimi, sote tulikuwa tunabishana na mlango wakati nyumba yenyewe haina madirisha.

Matengenezo yalifika laki tatu na nusu. Mjomba alichukua mkopo wa sacco, lori likatembea miezi michache, kisha akaliuza ili alipe mkopo. Muhula uliofuata karo haikuja. Hakuniambia ni kwa sababu ya lori, nami sikumuuliza. Nilijaza fomu ya kuahirisha masomo na sijarudi.

Simuandikii msomaji haya ili anionee huruma. Naandika kwa sababu nimegundua kwamba mimi na fundi tulifanya kosa lile lile. Yeye alirithi jibu la injini zilizowekewa maji ya kisima, akalipeleka kwenye injini yenye mchepuko. Mimi nilichukua jibu la petroli ya Detroit, nikalipeleka kwenye dizeli ya Salama. Kila jibu lilikuwa na swali lake mahali lilipozaliwa. Sisi tuliliacha swali nyuma. Nilimcheka fundi kwa kusema thamostati ni ya Ulaya, kumbe nami nilikuwa nasema kwa namna yangu kwamba maarifa ni ya Marekani, yakifika huku yanafanya kazi tu.

Siku hizi Mjomba anaendesha lori la mtu mwingine. Mwezi uliopita alinipigia. Fundi wa tajiri wake anataka kung'oa thamostati kwa sababu geji imepanda kidogo. Sikutoa ushauri. Nilimwambia aje nayo.

Tuliiweka kwenye sufuria ya maji kwa jiko la gesi, nikatumbukiza kipimajoto. Imepigwa 82. Tulikaa kimya tukiitazama kama watu wanaongoja chai. Kwenye 82 kisahani kikaanza kuachana na kiti chake, uzi mwembamba tu, kisha kikaendelea kushuka. Maji yakachemka kwenye 94, kama ilivyo Nairobi, ikiwa bado haijamaliza kufunguka, maana hiyo huhitaji 95. Mjomba akainama karibu na mvuke.

"Kumbe iko sawa."

"Iko sawa. Sasa tuangalie rejeta."

Akavaa koti, akasema twende kabla tajiri hajapiga simu.